Kwa nini panga la injini ya ndege hupigwa gololi?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua nne zimenifikia hapa Usa River, na zote zinagusa jambo moja: uso wa titani, metali nyepesi na imara, na namna unavyotendewa ili usipasuke. Miaka yote niliyofanya ukaguzi wa vipuri vya ndege, macho yangu yalikuwa hapo hapo, usoni mwa chuma. Nitakaa zaidi na barua mbili za mwanzo, maana zina mengi ndani yake.

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa springi za lori hapa Pasua, Moshi. Kuna jamaa anafanya kazi KIA, uwanja wa ndege, aliniletea gari nimfungie springi. Katika maongezi akaniambia mapanga ya mbele ya injini za ndege ni ya titani, na kwamba kiwandani hupigwa gololi ndogo maelfu kwa maelfu ili yasikatike. Mimi ninavyojua, chuma ukikipiga sana kinapasuka. Je, alikuwa ananitania? Kama ni kweli, titani inakuwa ngumu zaidi, au kinachobadilika ni nini?

Marahaba, mwanangu. Hakukutania. Tena hizo springi unazofunga wewe, zile nzuri, nazo zilipigwa hivyo hivyo kabla ya kutoka kiwandani. Chukua jani jipya la springi ambalo halijapakwa rangi nene, lielekeze kwenye mwanga na uangalie upande wa juu, ule wa ndani ya upinde. Utaona vibonyeo vidogo vidogo vimejaa. Huo ndio upande unaovutwa lori likibeba mzigo, kwa hiyo ndio uliopigwa. Wenye viwanda wanaiita kazi hii shoti piningi; mimi nitasema kupiga gololi.

Ili uelewe kwa nini inasaidia, anza na jinsi chuma kinavyokufa. Springi yako haikatiki kwa sababu siku hiyo ilibeba tani nyingi kupita uwezo wake. Mara nyingi inakatika siku ya kawaida, kwenye tuta la kawaida, baada ya kupanda na kushuka mara maelfu. Huo ndio uchovu wa chuma. Ufa unaanza mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni, na karibu kila mara unaanzia usoni: kwenye mkwaruzo wa tupa, kwenye alama ya kisu cha mashine, kwenye kona kali. Kila mvuto unapokuja, mdomo wa ufa unafunguka kidogo na kusonga mbele. Mwisho kinabaki kipande kidogo kisichoweza kubeba kitu, na hapo ndipo unausikia mlio.

Sasa angalia gololi inavyofanya. Ni chembe ya chuma, kioo au kauri, mara nyingi yenye upana wa kati ya milimita 0.2 na 0.8, inayorushwa kwa hewa ya kompresa kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Ikigonga inaacha kibonyeo. Pale ilipogonga, ngozi ya juu imesukumwa pembeni na inataka kutanuka. Lakini chini yake kuna chuma ambacho hakikupigwa, kimetulia na vipimo vyake, nacho hakikubali. Ni kama kiti cha watu watatu kwenye kifodi, basi dogo la abiria, akiongezwa wa nne: kiti hakirefuki, kwa hiyo wote wanabanana mabega. Uso mzima ukishafunikwa na vibonyeo, ngozi ile inabaki imebanwa muda wote, hata kipuri kikiwa kimelala stoo.

Hapo ndipo penye faida. Panga likianza kazi na mvuto ukaja, unalazimika kwanza kuumaliza ule mbano kabla ya kuanza kufungua ufa wowote. Kwenye aloi (mchanganyiko wa metali) ya titani inayotumika kuliko zote, yenye aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, mbano huo unaweza kufika megapaskali 700 (kipimo cha nguvu kwa kila eneo), wakati aloi yenyewe huanza kulegea na kupinda moja kwa moja karibu na megapaskali 900. Ni mbano mkubwa sana kwa tabaka ambalo kina chake kwa kawaida ni milimita 0.1 hadi 0.3 tu. (Titani na vanadiamu zote mbili zimo kwenye miamba ya chuma ya Liganga, kule Ludewa. Ninatamani vijana wetu waijue kazi hii kabla mali hiyo haijaanza kuchimbwa kwa wingi.)

Umeuliza kuhusu ugumu. Ugumu wa uso unaongezeka, lakini si kwa kiasi cha kukushangaza, na kwenye titani hupanda kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uzito ni ule ule, na kipuri hakipindi kwa shida zaidi ya mwanzo. Anayepima kazi hii kwa kuangalia ugumu peke yake ameangalia pembeni. Kinacholinda kipuri ni mbano, na mbano hauonekani kwa macho.

Lakini unaweza kuufanya uonekane kwenye karakana yako. Tafuta kipande cha chuma chembamba cha springi, kama msumeno wa zamani uliosagwa meno. Kikaze kwa klampu juu ya bamba nene na bapa. Kipige upande wa juu kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, pigo jepesi karibu na jingine, mpaka uso wote ujae. Ukikifungua kitapinda chenyewe, upande uliopigwa ukitokeza nje. Hakuna aliyekipinda, ngozi yake ilitaka nafasi, na ulipolegeza klampu ikaipata. Valia miwani ya kazi tafadhali, chuma cha springi kinaweza kuruka kipande.

Jaribio hilo ndilo kipimo chenyewe viwandani. John Almen wa General Motors huko Marekani ndiye aliyelipa sura yake ya kudumu katika miaka ya 1940. Kibati cha Almen ni chuma cha springi chenye urefu wa milimita 76 na upana wa 19. Kinafungwa kwa skrubu nne, kinapigwa upande mmoja, kinafunguliwa, kisha unapimwa urefu wa upinde wake. Wanapiga kibati kimoja kwa muda mfupi, kingine kwa muda mrefu zaidi, na kuendelea, mpaka wafike mahali ambapo kuongeza muda mara mbili kunaongeza upinde kwa asilimia 10 tu au chini ya hapo. Hapo wanajua mashine yao ina nguvu gani. Kibati ni cha chuma hata kama kazi ni ya titani, kwa sababu kinachopimwa ni nguvu ya mvua ya gololi. Ninacho kimoja mezani kwangu, na kila mwanafunzi anayekuja hunyoosha mkono kukishika kabla sijamaliza kueleza.

Na wasiwasi wako kwamba chuma kikipigwa sana kinapasuka una haki kabisa. Ukizidisha, midomo ya vibonyeo hulaliana na kutengeneza mikunjo, na ndani ya mikunjo hiyo mna nyufa ndogo ambazo hazikuwepo. Titani ni mkali katika hili, kwa sababu inaathirika upesi na alama yoyote kali usoni. Pia uso unakuwa na mabonde: ule uliotoka mashineni ukiwa chini ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) ya mkwaruzo unaweza kupanda hadi maikroni mbili au tatu. Kwa hiyo kuna mashindano mawili usoni kwa wakati mmoja. Mbano unarefusha maisha, mabonde yanayafupisha. Kazi nzuri ni ile ambayo mbano umeshinda kwa mbali, na viwanda vingi humalizia kwa gololi ndogo za kioo ili kulainisha vilele bila kuupoteza mbano.

Umwulize jamaa yako akuonyeshe mzizi wa panga, pale linapoingia kwenye diski, gurudumu linaloshika mapanga. Hapo hapasumbuliwi na mvuto peke yake. Panga na diski hutetemeka na kusuguana kwa umbali mdogo sana, na titani ikisuguana na titani hung'ang'aniana na kuchunana. Michubuko hiyo huzaa nyufa mapema kuliko hesabu ya uchovu wa kawaida. Kupiga gololi hakuzuii michubuko isitokee, ila ufa ukizaliwa pale unajikuta ndani ya tabaka lililobanwa na unapata shida kusonga. Ndiyo maana mizizi ya mapanga hupigwa gololi, ikapakwa tabaka la shaba, nikeli na indiamu, kisha juu yake kilainishi kikavu. Pamoja na yote hayo bado lazima ikaguliwe. Tarehe 17 Aprili 2018 ndege aina ya Boeing 737 iliyotoka New York kwenda Dallas ilikatika panga moja angani, vipande vikavunja dirisha na abiria mmoja akafariki. Panga lilikatika mzizini kwa uchovu, baada ya mizunguko zaidi ya 32,000 ya kuruka na kutua.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma uhandisi mitambo hapa Arusha Technical College. Darasani tumeambiwa kupiga gololi kunarefusha maisha ya aloi za titani. Je, kuna hali ambapo hakusaidii, au kunaleta madhara?

Marahaba. Swali hili ningependa liulizwe na kila mwanafunzi, maana vitabu husifu dawa kwanza na kuchelewa kutaja masharti yake.

Joto ndilo adui wa kwanza. Mbano ule ni nguvu iliyofungiwa ndani ya chuma, na chuma kikipata joto hulegea na kuiachia. Aloi ile ya 6 na 4 ukiipasha hadi nyuzi 400 na kuiacha saa kadhaa, sehemu kubwa ya mbano inaondoka, na kwa macho hutaona tofauti yoyote: vibonyeo viko pale pale. Kwa sababu hiyo, baada ya kupiga gololi, viwanda hukwepa kukipasha kipuri zaidi ya nyuzi 300 hivi. Ukikuta mtu anataka kuchomelea kitu kwenye kipuri kilichokwisha kupigwa, msimamishe. Mzigo mkubwa kupita kiasi nao hufanya kazi ile ile ya kulegeza. Ndiyo maana faida huonekana zaidi kwenye vipuri vinavyobeba mizigo ya wastani mamilioni ya mara kuliko kwenye vile vinavyokazwa karibu na ukomo wao mara chache.

La pili ni tabaka gumu la oksijeni. Titani ikipashwa hewani kupita nyuzi 500 au 600 hunywa oksijeni, na ngozi yake ya juu inakuwa ngumu na yenye kuvunjika kama haina uhai. Ukipiga gololi juu ya ngozi hiyo unaipasua. Lazima iondolewe kwanza, kwa kawaida kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrofloriki. Hiyo ya pili, mwanangu, usiisogelee bila mafunzo na vifaa kamili. Inapenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa wakati madhara yameshaanza.

Halafu kuna gololi zenyewe. Za chuma huacha chembe za chuma zimenasa kwenye titani. Titani haishiki kutu, inalindwa na utando wa oksidi wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita, lakini chembe zile hushika kutu na kuchafua uso. Mafundi hutumia gololi za kioo au kauri, au za chuma kisha wakasafisha kwa za kioo. Za kioo nazo huvunjika, na kipande cha kioo chenye makali hakibonyezi, kinakata. Mtungi wa gololi usiochujwa ni hatari kuliko kutopiga kabisa, na ni jambo linalopuuzwa kwa urahisi kwa sababu kuchuja kunachosha na hakuna anayekupongeza kwa kuchuja.

Mpangilio wa kazi ninausemea kwa nguvu, kwa kuwa ulikuwa wa meza yangu. Tafuta nyufa kabla ya kupiga gololi. Rangi ya kupenya, ile inayoingia ndani ya ufa na kung'aa chini ya taa, inahitaji mdomo wa ufa uwe wazi. Gololi huusukuma ule mdomo na kuuziba kwa juu. Ufa unabaki ndani, uso unaonekana mzuri, na mkaguzi anapiga muhuri. Vivyo hivyo, ukishapiga usichonge tena. Ukiondoa milimita 0.2 ili kipimo kikae sawa, umeondoa karibu kila ulichokilipia.

Sasa jambo zito kuliko yote. Ngozi ikibanwa, chini yake lazima pawe na mvuto wa kusawazisha. Kwenye titani iliyopigwa vizuri, ufa wa uchovu mara nyingi hauanzii usoni tena, unaanzia ndani, chini ya tabaka lililobanwa. Kwa kawaida hilo ni jema, maana huko ndani hakuna mikwaruzo na ufa unachelewa sana. Lakini kama chuma kina kasoro ya kuzaliwa, gololi haziiponyi. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 iliyobeba watu 296 ilipasukiwa na diski ya feni ya titani kwenye injini ya mkiani, ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City, Iowa. Zaidi ya watu 110 walifariki. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba tangu diski ilipoyeyushwa kiwandani kulikuwa na doa gumu lenye nitrojeni nyingi ndani ya titani. Doa hilo lilikuwa karibu na uso wa tundu la katikati, na wachunguzi walisema shimo dogo lililoanzisha ufa huenda lilitokea diski ilipochongwa kwa mara ya mwisho au ilipopigwa gololi. Soma tena sentensi hiyo. Kazi ile ile inayolinda chuma kizima ilitajwa miongoni mwa vyanzo viwili ambavyo huenda vilifungua mdomo wa doa lile. Dawa yake ilikuwa tanuruni: kuyeyusha titani upya na upya ndani ya ombwe mpaka madoa ya aina hiyo yaishe, na kuipima kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuichonga.

Ukihitimu utasikia pia habari za kupiga uso kwa leza, ambako mbano hufika milimita moja na zaidi huku uso ukibaki laini kiasi. Ni kazi ya gharama kubwa na hutumika pale tu panapostahili.

Habari za kazi Dada. Baba yetu, huku Machame, amewekewa nyonga ya titani. Daktari alituonyesha picha ya kipuri chenyewe, sehemu moja inang'aa na nyingine ina mkwaruzo kama imepigwa mchanga. Je, hiyo nayo ni kwa ajili ya kuzuia isivunjike?

Nzuri dada, na mpe baba pole na salamu zangu. Hapana, pale nia ni nyingine. Sehemu yenye mkwaruzo ndiyo inayoingia ndani ya mfupa wa paja. Hupigwa kwa punje kali ili uso uwe na mabonde ambamo mfupa utaota na kushika. Titani inakubaliana na mfupa kwa namna ya pekee: daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliliona hilo kwenye majaribio yake, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza meno yaliyoshikiliwa na titani. Sehemu inayong'aa huachwa laini makusudi, mahali ambapo mfupa hautakiwi kushika. Mazoezi aliyopewa na daktari yafuatwe, na asiruke ratiba ya picha za kukagua.

Mambo vipi Mama, shikamoo. Mimi ni mwendesha baiskeli wa Sakina, Arusha. Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye bomba la kiti la titani. Lina mikwaruzo mingi. Fundi mmoja Unga Limited anayesafisha rimu kwa kupiga mchanga amesema atalipiga liwe jipya, na kwamba litakuwa imara zaidi kwa sababu ndege hufanyiwa hivyo. Nimpe?

Marahaba, usimpe. Punje ya mchanga ina kona, na kila moja inachimba alama kali usoni, yaani kinyume kabisa cha kibonyeo cha mviringo. Bomba lenyewe ni jembamba, na hata kama angekuwa na gololi sahihi, kulipiga bila kipimo kungeweza kulipinda. Pia mwambie fundi huyo, kwa heshima, kwamba vumbi la mchanga linaharibu mapafu na halitoki tena. Nina hofu naye kuliko na bomba lako.

Fanya hivi. Lichomoe bomba, lisafishe kwa spiriti, kisha lichunguze kwa tochi iliyolala pembeni, hasa pale klampu inapobana na chini yake kidogo, maana ndipo mvuto unapokuwa mkubwa. Mkwaruzo wa kukaa wima, kufuata urefu wa bomba, usikusumbue. Usugue taratibu kwa msasa laini wa maji, ukielekeza mkono kwa urefu, kamwe usizungushe. Ukiona mstari wowote unaozunguka bomba na ukucha unanasa ndani yake, usilipande tena, nunua lingine. Na kabla ya kulirudisha paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania, kwa kuwa titani ndani ya fremu ya aluminiamu ikikaa kavu misimu miwili mitatu ya mvua haitatoka.